Kwa DJ wa Makambako: kitufe kihesabu, wewe uchague

Swali: Shikamoo kaka. Napiga muziki wikiendi kwenye klabu moja hapa Makambako, huu ni mwaka wangu wa pili. Natumia laptopu na kontrola ndogo ya chaneli mbili, na nyimbo naziunga kwa kitufe cha SYNC, kile kinacholinganisha mapigo chenyewe. Ma-DJ wakubwa wa Mbeya na Iringa wananiambia mimi si DJ, ni mbonyezaji. Halafu Jumamosi moja nilitoka kwenye amapiano nikaingiza zilipendwa, biti zikagongana vibaya, watu wakazomea. Tangu hapo bosi anataka niandae miksi nzima nyumbani, nije niiachie ijipige yenyewe. Nimsikilize nani? Kupiga laivu bado kuna maana?

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuzomewa. Umeuliza maswali mawili kwa pumzi moja, ndiyo maana majibu unayopewa yanakuchanganya. Kubonyeza SYNC ni jambo moja. Kuja ukumbini na miksi iliyokwisha kurekodiwa ni jambo jingine kabisa. Kitufe kinakusaidia kuhesabu. Miksi ya kurekodi inakunyang'anya kuchagua, na kuchagua ndiko unakolipiwa. Msimamo wangu ni huu: tumia kitufe bila aibu, jifunze kufanya kazi bila hicho kitufe, na usikubali kuachia miksi ijipige wakati watu wametoa kiingilio wakijua kuna DJ.

Tuanze na kitufe chenyewe. Unapoingiza wimbo kwenye programu, iwe Serato, rekordbox, Traktor au VirtualDJ, programu inauchambua kwanza. Inakadiria mapigo yake kwa dakika, yaani BPM, kisha inauwekea alama: pigo la kwanza liko hapa, la pili hapa, mpaka mwisho wa wimbo. Alama hizo ndizo tunazoziita gridi. Ukibonyeza SYNC, programu inachukua gridi ya wimbo unaoingia na kuilaza juu ya gridi ya wimbo unaopigwa. Basi, kazi yake imeishia hapo. Haijui kiitikio kinaanza wapi, haijui mwimbaji anasema nini, wala haijui kama meza ya kona imeshanyanyuka.

Hesabu hiyo si ndogo, na ni haki kuiheshimu. Chukua nyimbo mbili, moja ina BPM 100, nyingine 100.5. Ukiziacha pamoja dakika moja, zinapishana kwa nusu pigo, yaani teke (pigo zito la ngoma kubwa) la huku linaangukia katikati ya mateke ya kule. Hapo ukumbi mzima unasikia. Hata tofauti ya 0.1 tu, ukizipiga pamoja nusu dakika, utaanza kusikia teke moja linatamkwa mara mbili: du-dum, du-dum. Wazee wa santuri walirekebisha haya kwa sikio na kidole. Technics SL-1200 MK2, mashine ya kupigia santuri iliyotoka 1979 na kutawala klabu duniani kwa miongo mingi, ina kidhibiti cha mwendo kinachopanda au kushuka kwa asilimia 8. Wimbo wa BPM 100 ukitaka ufike 104, unasukuma hadi asilimia 4, unatega sikio moja kwenye hedifoni, unagusa ukingo wa sahani kwa kidole, unasikiliza tena. DJ Francis Grasso alikuwa akioanisha mapigo kwa mkono New York mwishoni mwa miaka ya 1960, na wakati huo hakukuwa na kioo cha kumwonyesha namba yoyote.

Sasa, wanaokucheka wanasahau kitu. Pioneer ilipotoa CDJ-1000, mashine ya ma-DJ ya kupigia CD, mwaka 2001, wapo waliosema CD si muziki. Serato Scratch Live ilipokuja 2004 na kuwaruhusu watu kupiga mafaili ya kompyuta kupitia santuri, wapo waliosema kompyuta imeua kazi. Leo wengi wa wanaosema hivyo wamesimama nyuma ya kompyuta. Na baba wa hip hop mwenyewe, Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye sherehe aliyopiga na mdogo wake wa kike Bronx tarehe 11 Agosti 1973 inahesabiwa kuwa mwanzo wa muziki huo, hakusifika kwa kuunga biti kwa usafi. Kilichomtoa ni macho. Aliona wachezaji wanasubiri kipande kimoja tu cha wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma zikabaki peke yake, akachukua santuri mbili za wimbo uleule na kukirudia kipande kile, toka sahani hii kwenda ile. Grandmaster Flash ndiye aliyekuja kunyoosha ufundi wa maungio, kwa kuweka alama juu ya santuri na kuhesabu mizunguko. Wote wawili tunawaheshimu. Lakini aliyetangulia alianza kwa kuwatazama watu.

Kwa hiyo "mbonyezaji" lisikuumize. Linalonihangaisha mimi ni jingine: unabonyeza bila kujua kitufe kinadanganya wapi. Na kwa muziki tunaoupiga huku kwetu kinadanganya mara nyingi kuliko kwa muziki kiliotengenezewa.

Rudi kwenye Jumamosi yako. Amapiano inatengenezwa kwenye kompyuta, kwa kawaida kwenye BPM 110 hadi 115, na mwendo wake hautetereki toka mwanzo hadi mwisho. Gridi yake inakaa vizuri. Zilipendwa ni habari nyingine. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wakasimama pamoja, wakapiga pamoja, na mwendo ukafuata mkono wa mpiga ngoma. Wimbo unaanza kwa utulivu, mwimbaji anaeleza kisa chake, kisha linakuja chemko: magitaa yanaingia mbio, mpiga ngoma anajisahau, kasi inapanda. Programu yako ikauchambua wimbo huo kana kwamba una mwendo mmoja, ikaupa namba moja na gridi iliyonyooka. Mwanzoni alama zinakaa karibu na mapigo. Dakika ya tatu ziko hewani. Wewe ukabonyeza SYNC ukiamini kioo, na kioo kilikuwa kinaonyesha kitu ambacho hakimo kwenye wimbo. Sikio lililofundishwa lingesikia kosa hilo kwenye hedifoni kabla ukumbi haujalisikia.

Dawa yake si ngumu. Nyimbo za bendi usiziunge kwa muda mrefu. Acha amapiano ifike mwisho wa fungu lake, yaani mkusanyiko wake wa mapigo 16 au 32, ikate, na zilipendwa iingie peke yake juu ya pigo la kwanza, kwa nguvu. Watu wazima waliokaa wakisubiri wimbo wao watapiga mayowe kabla gitaa halijamaliza mstari wa kwanza. Ukitaka kuunga, unga sehemu ile tu ambayo mwendo umetulia: weka gridi kwa mkono kwenye mapigo 16 au 32 ya mwanzo, ukate wimbo uliotangulia kabla hayajaisha, na SYNC uzime. Kumbuka pia kwamba SYNC ikibaki imewaka kwenye wimbo wenye gridi mbovu, programu inaweza kuendelea kuusukuma na kuuvuta wimbo ufuate alama za uongo, na hapo unaharibu wimbo ambao wenyewe ulikuwa mzima. Rekordbox ina namna ya uchambuzi inayofuata mwendo unaobadilika. Iwashe kwa nyimbo za bendi, kisha kagua mwenyewe kwa sikio.

Singeli nayo ina mtego wake. Muziki huu uliotoka mitaa ya Dar es Salaam kama Tandale, Manzese na Mburahati unakimbia BPM 200 na zaidi. Programu nyingi zimewekewa mipaka ya kukadiria, tuseme kati ya 70 na 140, kwa hiyo wimbo wa 220 utauona umeandikwa 110. Hapo programu imehesabu pigo moja ikaruka jingine. Anayeamini namba atadhani ana wimbo wa kuchezea taratibu. Anayejua ataitumia: amapiano ya 112 mara mbili ni 224, kwa hiyo ukiiweka singeli kwenye kasi hiyo, kila teke lake la pili linaangukia palepale kwenye teke la amapiano. Unaweza kutoka kwenye mwendo wa kunesa hadi kwenye mbio bila watu kusikia mshono, wanashtukia tu miguu imebadilika. Huu ni ufundi mtamu sana, na hapo kitufe kinakusaidia kweli, mradi wewe ndiye uliyejua hesabu.

Chakacha na ngoma zetu nyingi za asili ambazo vijana wanazirekodi upya hazihesabiwi nne nne, zinahesabiwa kwa tatu au sita. Kwa hizo usihangaike na kitufe kabisa. Tumia mkono na sikio.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kitufe kinachokufanyia hata gridi ikiwa safi kama kioo. SYNC inaoanisha pigo na pigo, haioanishi fungu na fungu. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva zimejengwa kwa mapigo manne manne, yakikusanyika kuwa mafungu ya 16 na 32. Ukiingiza wimbo mpya katikati ya fungu, biti zitakuwa zimelala sawasawa lakini wasikilizaji watahisi kuna kitu kimekaa upande, hata kama hawana jina lake. Kibaya zaidi, utakuta waimbaji wawili wanasema kwa wakati mmoja, mmoja anamlilia mpenzi wake, mwingine anajisifu kwa pesa. Subiri kiitikio kiishe. Ingiza wimbo mpya ukiwa umefunga besi yake, uache trebo, zile sauti nyembamba za juu, zisikike kidogo, na fungu jipya likianza funga besi ya wimbo wa zamani na ufungue ya mpya kwa wakati mmoja. Besi mbili zikipiga pamoja zinakula nafasi yote, taa nyekundu za mikisa zinawaka, na spika za klabu zetu, ambazo nyingi zimechoka, ndizo zinazolipa.

Unajifunzaje hayo? Nyumbani, mchana, kwa sauti ndogo. Pakia wimbo uleule kwenye chaneli zote mbili, zima SYNC, funika sehemu ya kioo inayoonyesha mawimbi na namba, kanga inatosha. Sogeza kidhibiti cha mwendo cha upande mmoja bila kuangalia, kisha jaribu kuurudisha ulingane na mwenzake kwa kusikiliza tu. Wimbo wako ukiwa unatangulia utausikia, punguza. Ukibaki nyuma, ongeza. Baada ya hapo hamia nyimbo mbili tofauti zinazokaribiana. Jizoeze pia kuhesabu bila kompyuta: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukikosea pigo moja umekosea BPM 4, kwa hiyo ukipata utulivu hesabu sekunde 30 uzidishe kwa 2. Nusu saa kila siku, na usirukie hatua ya pili kabla ya kwanza haijakaa. Ukishaweza hivyo, rudi kwenye SYNC kwa amani. Mkono ulio huru kutokana na kuoanisha uutumie kutafuta wimbo unaofuata, na macho uyainue kutoka kwenye kioo.

Macho ndiyo yanayonileta kwa bosi wako.

Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inakutana hapo na barabara kuu ya kwenda Tunduma, na TAZARA ina stesheni hapo. Jumamosi moja ukumbi umejaa madereva wa malori wanaoelekea Zambia na Kongo, wanataka sebene, na wakilipata hawakai chini. Jumamosi nyingine ni wafanyabiashara wa viazi na mbao kutoka Njombe na Mafinga ambao wiki imewaendea vizuri. Wanafunzi wa chuo wakiwa njiani baada ya boom, ile pesa yao ya mkopo, kutoka, ni amapiano na singeli hadi asubuhi. Juni na Julai baridi ya huku inawafanya watu waingie na makoti mazito na wasiyavue kwa saa nzima. Ukiwapigia nyimbo za kasi mapema unawachosha wakiwa wamekaa. Na Simba na Yanga zikiwa zimecheza jioni ile, nusu ya ukumbi inataka kushangilia na nusu nyingine inataka kufarijiwa. Miksi uliyoirekodi Alhamisi haijui nani kashinda Jumamosi.

Wala haijui umeme umekatika. Jenereta likiwaka baada ya dakika kumi watu wameshaanza kutafuta bodaboda. DJ aliyepo anajua kwamba hapo hapana nafasi ya kuanza wimbo na dibaji yake. Anaingia moja kwa moja kwenye kiitikio ambacho kila mtu anakijua, na walio mlangoni wanageuka. Miksi ya kurekodi itaendelea pale ilipokatikia, katikati ya wimbo ambao hakuna aliyekuwa anaujali.

Kusoma ukumbi kuna namna yake, na kunafundishika. Wimbo mpya ukiingia, usiangalie walio katikati wanaocheza, hao watacheza chochote. Angalia waliokaa. Mdomo wa mtu aliyekaa ukianza kuimba, wimbo huo umeshika. Angalia wanawake waliokuja kwa kundi: wakinyanyuka wao, uwanja utajaa, wakirudi kukaa kwa pamoja, umewapoteza na una wimbo mmoja tu wa kuwarudisha. Kwenye kiitikio, shusha sauti kabisa kwa sekunde mbili. Wakikiimba bila wewe, una haki ya kubaki kwenye aina hiyo ya muziki nyimbo mbili tatu zaidi. Ukisikia kimya, badilisha njia kabla wimbo haujaisha. Hakuna lolote kati ya haya unaloweza kulifanya ukiwa umesimama nyuma ya faili moja la saa tatu, unazungushazungusha vitufe ambavyo havijaunganishwa na kitu. Nalisema bila kuuma maneno: ukilipwa kwa kupiga laivu kisha ukaigiza, umemdanganya aliyekulipa na waliolipa mlangoni.

Miksi ya kurekodi ina mahali pake halali. Kipindi cha redio, muziki wa basi, chakula cha jioni kabla watu hawajaanza kucheza, au kuingia kwa bwana na bibi harusi ambapo wasindikizaji wamefanya mazoezi ya hatua kwa wiki nzima na kila kipande lazima kianguke kwenye sekunde yake. Weka pia kipande cha dakika nane au kumi kwenye flashi kwa ajili ya kwenda msalani au kompyuta ikigoma. Mwenye ukumbi akijua, hakuna ubaya.

Bosi wako usimwone adui. Aliona watu wanazomea na akaogopa wasirudi, na hofu hiyo ni ya haki kwa mtu anayelipa kodi ya jengo na mishahara ya wahudumu. Mpelekee mpango, usimpelekee ubishi. Mwambie saa ya kwanza, watu wakiwa bado wanaingia, utapiga orodha uliyoipanga nyumbani, nyimbo zilizokaguliwa gridi moja moja, hakuna cha kubahatisha. Zilipendwa zote utaziweka kwenye folda yake na kuzipiga kwa mkono, kwa kukata, hadi sikio lako likomae. Kuanzia saa tano usiku, ukumbi ukishajaa, uachiwe uchague.

Kisha mwombe jaribio. Jumamosi mbili miksi ya kurekodi, Jumamosi mbili laivu, zote ziwe za kawaida, zisiwe za sikukuu wala za mechi kubwa. Asikuulize wewe wala asiniulize mimi. Aangalie daftari la kaunta, mauzo ya kuanzia saa tano hadi kufunga. Akiona laivu inamwingizia zaidi, mkubaliane malipo mapya palepale. Akikataa hata kujaribu, mwandalie hiyo miksi, mkabidhi kwenye flashi, mtoze bei ya miksi, na Jumamosi hiyo katafute ukumbi mwingine. Njombe, Mafinga na Mbeya zote ni basi moja kutoka hapo ulipo.